Bimu Tisa za Bweni

Tulimzika Lemayani Jumamosi, kwenye mbuga kavu ng'ambo ya Handeni, nyumbani kwa mama yake. Aliugua siku nne tu. Mchungaji alipomaliza sala, kijana wake mkubwa alinigeukia mbele ya watu wote akasema, "Shangazi, wewe ndiye uliyefanya naye kazi muda mrefu kuliko wote. Tuambie jicho la baba lilikufaje. Sisi kila tukimuuliza alisema ni mambo ya kazi." Nikasimama. Nikasema baba yao alipigwa na watu kwa wizi ambao hakuufanya, kwamba alipona akarudi kazini, kwamba kuanzia Hale mpaka Mombo sijamwona fundi mwingine anayebandika kaboni kwa mkono mtulivu kama wake. Watu wakaitikia amina, nikakaa chini. Kila nilichosema kilikuwa kweli, na bado nilikuwa nimewadanganya wale watoto, kwa sababu sikusema mimi nilikuwa wapi wakati baba yao anapigwa, wala kwamba nilikuwa na maneno manne mdomoni ambayo yangemwokoa, nikayameza.

Nimeshapita miaka arobaini na tano. Mwaka ninaousimulia nilikuwa na ishirini na nne, nimetoka chuo cha ufundi na cheti ambacho wino wake ulikuwa bado haujakauka vizuri, nimepanga chumba Manundu, Korogwe, nasubiri kazi. Kazi ikaja kwa mdomo wa Injinia mmoja wa Dar es Salaam aliyekuwa akitafuta mtu wa kuchanganya gundi na kuandika vipimo. Handeni kulikuwa na bweni la wasichana la ghorofa moja, na kamati iliyolisimamia ilikuwa imeongeza ghorofa la pili juu yake bila kumuuliza mtu yeyote anayejua hesabu za zege. Chini kulikuwa na bwalo la chakula, na bwalo lilikuwa na bimu tisa. Sita kati yake zilikuwa zimepasuka kwa mshazari karibu na nguzo, nyufa zinazoingia njiti ya kiberiti. Wasichana walihamishiwa madarasani, wakalala sakafuni kwa mistari, na chini ya kila bimu yakasimamishwa mirunda, magogo ya kuegemeza, mpaka bwalo likawa kama msitu. Walinipa chumba cha mlinzi, nyuma ya jiko la zamani. Kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha la ukubwa wa daftari, na ukutani moshi wa kuni wa miaka mingi. Baada ya wiki moja harufu ya moshi ilishindwa na harufu ya gundi, nami nikaizoea mpaka nikawa naisikia kwenye ugali.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Zege linavumilia kukandamizwa, halivumilii kuvutwa, na tumbo la bimu siku zote linavutwa. Nondo zilizomo ndani zikizidiwa, ama ubomoe nyumba, ama ulibandikie lile tumbo kitambaa cha nyuzi za kaboni, cheusi, chepesi, unachoweza kukikunja na kukibeba begani. Kinashikwa na gundi inayokuja kwa makopo mawili, gundi na hadina yake, dawa ya kuigandisha, na ikikauka kitambaa kinavuta kuliko chuma. Lakini ina masharti. Lazima zege lisagwe kwa grainda mpaka kokoto zionekane. Lazima vumbi lote litoke. Lazima pawe pakavu kabisa. Na gundi ichanganywe kidogo kidogo, kivulini, kwa kipimo, maana ukichanganya kopo zima kwa mkupuo inajichemsha yenyewe, inatoa moshi na kuwa jiwe ukiwa bado unaikoroga. Injinia alitufundisha hayo kwa siku tano, akaondoka, akasema atakuwa anakuja kila baada ya wiki mbili. Alituacha chini ya Fundi Mhando.

Fundi Mhando alikuwa mtu wa Magoma, mpana wa mabega, mwenye miaka thelathini ya zege mikononi. Alikuwa fundi kweli. Alikuwa anaweza kupita chini ya bimu akaigonga kwa kucha akakuambia nondo zimekaa wapi. Lakini kitambaa alikichukia tangu siku ya kwanza. "Nguo," alisema. "Wanataka nishikilie nyumba kwa nguo." Na alikuwa anapiga. Alitembea na kipande cha nondo kirefu kama mkono, na mtu akichelewesha ndoo alichapwa nacho mgongoni bila neno. Siku ya tatu jiwe la grainda lilipasuka likiwa linazunguka, likamchana shavu mwanamume mmoja wa Kwamatuku mpaka tukayaona meno yake kupitia kwenye jeraha. Mhando alimfikia kabla yetu. Alimzaba kofi upande wa pili, ule mzima, kwa kuvunja jiwe, ndipo akavua shati lake mwenyewe akamkandamizia damu. Nakumbuka nilivyoduwaa kuona mkono uleule ukifanya mambo hayo mawili. Watu wa kazi walicheka baadaye wakisimulia. Nami nilicheka nao, kwa sababu nilikuwa mwanamke pekee mle ndani na sikutaka kuonekana mwoga.

Lemayani alikuja wiki ya pili. Alikuwa rika langu, mrefu, mtu wa maneno machache, na alikuwa ameiacha mifugo ya baba yake kwa sababu moja aliyonieleza wazi. Mdogo wake, Nashipai, alikuwa kidato cha pili, mmoja wa wasichana wale waliokuwa wakilala sakafuni madarasani. "Nataka kuona mwenyewe juu yake kuna nini," alisema. Injinia alipotupanga wawiliwawili kwa kubandika, alinipanga naye. Kitambaa kilicholowa gundi kina mita tano, kinashikwa na watu wawili, mmoja kila ncha, mikono juu, na wote lazima waende kwa pumzi moja, la sivyo kinajikunja na kufunga hewa ndani. Tulikifahamu haraka. Alikuwa akinionya kwa sauti ya chini, "Dada, polepole," nami namwonya yeye, na rola inapita nyuma yetu ikitoa mapovu. Bimu mbili za kwanza tulizifunga vizuri. Injinia alizigonga kwa kinyundo kidogo, zikajibu sauti nzito, imara, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mhando aliona akatema mate.

Tulikuwa tunakula kwa Mama Sauda, kibanda cha mabati ng'ambo ya barabara. Ugali, maharage ya nazi, mchicha, na siku ya Ijumaa wali. Pale ndipo niliposikia mji ulivyokuwa umechemka. Mvua za vuli zilikuwa zimechelewa, mbuga imekauka, ng'ombe wameshuka kwenye mahindi ya watu, na upande mmoja mkulima alikuwa amekatwa sime, upande mwingine boma lilikuwa limechomwa moto. Wanaume walikula wakiongea kwa sauti za chini zilizokusudiwa kusikika. "Ukimwachia shamba leo, kesho anakuomba nyumba." "Hawa hawasikii mpaka damu iwatoke." Lemayani alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwao, anakula, hajainua macho. Mama Sauda alikuwa akimwongezea maharage bila kuulizwa na kusema kwa nguvu, "Hapa kwangu mtu anakula na tumbo, sio na kabila." Wanaume walicheka. Hawakuacha.

Sasa nafika kwenye kopo. Ilikuwa asubuhi ya saa tatu hivi, jua limeshapanda. Nilikuwa juu ya jukwaa la mbao napima upana wa ufa. Nikasikia harufu kali, nikashuka nikatoka nyuma. Fundi Mhando alikuwa ameinama juu ya ndoo. Alikuwa amemimina kopo zima la gundi na hadina yake yote, juani, ili amalize kazi ya siku mbili kwa nusu siku. Ndoo ilikuwa inatoa moshi mweupe na plastiki yake inalegea. Makopo yale yalikuwa yanatoka nje ya nchi, tulisubiri wiki sita kuyapata. Alinitazama. Akachukua koleo, akaizoa ndoo na kopo tupu, akavitupa kwenye shimo la majivu nyuma ya jiko na kuvifukia. Kisha akanijia, akanishika shingo kwa nyuma, sio kwa nguvu sana, kama mtu anavyomshika mbuzi anayetaka kumhamisha.

"Binti," alisema, "umeona nini?"

"Sijaona kitu, fundi."

"Hujaona kitu."

Saa sita Injinia alipiga simu kuuliza gundi iliyobaki. Nilimsikia Mhando akijibu, mgongo wake umenielekea: kopo moja limeibwa. Nadhani, na nimelifikiria jambo hili miaka yote, kwamba alikuwa hajapanga zaidi ya hapo. Lakini Injinia lazima aliuliza nani, na jina lilikuwa tayari limeandaliwa na mji mzima. Alipokata simu alitoka barabarani, mbele ya kibanda cha Mama Sauda ambako watu walikuwa wanakula, akamwonyesha Lemayani kwa kile kipande cha nondo. "Huyu," akasema. "Mwizi ni huyu."

Hakuna aliyeuliza kaiba nini. Wa kwanza alimpiga teke akiwa bado amekaa, sahani ikaruka. Alisimama, akaangushwa. Kisha sikuweza tena kuhesabu ni wangapi. Walitumia viatu, matofali, vipande vya mbao za jukwaa letu wenyewe. Nilisikia taya likivunjika. Ni sauti ndogo sana. Alikuwa anaita kwa Kimaasai, na wale walipoisikia lugha ndiyo wakazidi. Mhando hakuwa anapiga wakati huo. Alikuwa amesimama pembeni amekunja mikono, uso umemtoka rangi, kama mtu aliyefungulia maji asiyajue yanavyozibwa. Mimi nilikuwa kwenye mlango wa bwalo, rola mkononi. Kopo lipo kwenye shimo. Ni maneno manne tu. Nilifungua mdomo nikafumba. Mhando aliinua macho akaniona, nami nikaangalia chini.

Aliyemwokoa ni Mama Sauda. Alitoka na sufuria ya maharage yanayochemka, ameishika kwa ncha za khanga yake, akawamwagia wale waliokuwa juu ya Lemayani migongoni na vichwani bila kuchagua. Walipiga mayowe, wakatawanyika wakijipangusa. Akasimama juu yake na mwiko, mwanamke mfupi. "Njooni!" alipiga kelele. "Njooni mnimalize na mimi, mbwa nyie!" Hakuna aliyekuja. Alimfunga Lemayani kichwa kwa ile khanga, na gari la mchanga lililokuwa linapita likampeleka hospitali. Damu ilibaki kwenye vumbi mpaka mvua ilipokuja.

Na mvua ilikuja wiki ileile, nyingi, kama iliyokuwa imefungiwa. Maji yalipenya kwenye ghorofa lile la juu lisilomalizika, yakashuka ndani ya bimu, ukiweka kiganja unahisi unyevu. Nilimwambia Mhando haifai kubandika. Akasema kamati imeshawaahidi wazazi bwalo litafunguliwa. Gundi ilikuwa haitoshi, kwa hiyo aliirefusha kwa thina, ile ya rangi. Nilimwona. Nilishika ncha ya kitambaa mwenyewe, na yule wa Kwamatuku mwenye shavu lililoshonwa akashika nyingine, tukabandika bimu nne kwa namna hiyo. Naliandika hili ili lieleweke: baada ya Lemayani kupigwa sikunyamaza mara moja tu. Nilinyamaza kila siku kwa siku kumi na mbili, na kila siku nilikwenda kula kwa Mama Sauda, na yeye alinipakulia bila kunitazama.

Kilichonivunja ni kinyundo. Alhamisi, watu wakiwa wameenda kula, nilipita peke yangu chini ya zile bimu nne nikizigonga kama Injinia alivyotufundisha. Zilijibu tupu, mlio wa boga lililooza. Niligonga kutoka nguzo hadi nguzo nikitafuta sehemu moja tu iliyoshika. Sikuipata. Ijumaa asubuhi nilimwambia Mhando. Alikuwa anakoroga saruji nyeupe ya kupakia juu ya kaboni ili weusi wake usionekane, kwa sababu kamati ilikuwa inakuja baada ya swala ya mchana. Hakukasirika hata kidogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua nyundo kubwa, akasema, "Basi tuone," akaenda kwenye bimu ya tatu na kuanza kuangusha mirunda.

Mrunda wa kwanza ulianguka. Wa pili ukaanguka. Wanaume wote walikuwa wametulia kuangalia. Nilikwenda nikaukumbatia wa tatu. Alinipiga ngumi ya mdomo, meno yakakata ulimi, nikaonja damu, lakini sikuuachia. Alipoinua nyundo tena nilikuwa na kile kinyundo changu kwenye mfuko wa aproni. Nilimpiga kwenye kifundo cha mkono. Nyundo yake ilimdondoka, akayumba hatua mbili nyuma, akapiga magoti akiushika mkono, akasema, "Yalaa, mama." Nami nikamfuata nikampiga tena, palepale, kwa nguvu zangu zote, nikausikia mfupa. Pigo la kwanza lilinilazimu. La pili nililitaka. Nilitaka la tatu pia, na mkono ulikuwa umeshainuliwa.

Ndipo bimu ilipoachia. Kitambaa kilibanduka kutoka ncha moja kwa mlio wa bunduki, kikang'oka mita tano zote kwa kupepesa jicho na kumpiga mtu mmoja begani kikamwangusha. Zege lilidondoka vipande vipande, kimoja cha ukubwa wa begi la shule kikavunjika pale Mhando alipokuwa amesimama kabla sijampiga. Dari lote lilishuka kidogo, tukalisikia likishuka, mlio unaoingia tumboni. Nikadhani tumekufa. Yule wa Kwamatuku ndiye aliyepiga kelele, "Mirunda! Rudisheni mirunda!" na watu ambao wangeweza kukimbia waliingia chini ya ile bimu na magogo mabegani, wakayasimamisha, wakapigilia kabari, wakilia na kutukana. Ilishika. Mhando tulimburuta kwa kola mpaka nje, mimi na mwingine. Kile kitambaa kilikuwa kinaning'inia. Upande wake uliopaswa kushika zege ulikuwa safi kabisa, unang'aa, hauna hata chembe moja ya kokoto.

Wazee wa kamati walifika dakika chache baadaye na kanzu zao nyeupe, wakasimama mlangoni. Mmoja alikaa chini kwenye kifusi. Mimi nilipelekwa kituo cha polisi kwa kumvunja Mhando mkono, nikiwa na damu kidevuni. Injinia alikuja jioni ileile kutoka Dar es Salaam. Kesho yake, mbele yake na mbele ya kamati, nilifukua lile shimo la majivu nikatoa kopo tupu na ndoo, gundi imekuwa jiwe ndani yake. Wakanisifu. Walisema binti huyu ana macho. Nilisema nimeliona kopo. Sikusema nililiona lini. Mhando alipelekwa Korogwe kutiwa plasta, akarudi kwao Magoma, na mkono ule haukushika mwiko wa kazi tena. Hakunishtaki. Waliompiga Lemayani walifunguliwa kesi, mashahidi hawakutokea, ikafa.

Lemayani alikuwa nyumbani kwa mama yake, huko huko tulikomzika. Nilikwenda kwa baiskeli ya kuazima. Alikuwa amekaa nje ya nyumba, taya limefungwa, jicho la kushoto limeshakuwa jeupe. Mama yake alinipa chai ya maziwa, nikaiweka chini. Nikamwambia yote, kopo, shimo, saa tatu asubuhi, mlango wa bwalo. Nilimwambia nilikuwa na nafasi na nikaangalia chini. Nashipai alikuwa nyuma yake amesimama na sare yake ya shule, akiyasikia. Lemayani alikuwa na fimbo yake magotini, na vidole vyake vilikuwa vinaibana na kuiachia. Nilimngoja anipige. Ningefurahi. Hakunipiga. Alisema kwa shida, kwa meno yaliyofungwa, "Toka kwetu."

Nikatoka. Miezi miwili baadaye, mvua zikiwa zimekatika na bimu zimekauka, Injinia akiwa ameleta makopo mapya, Lemayani alikuja kazini asubuhi na mapema, akanipita, akavaa glovu. Hakunisalimia. Tulizivua zile bimu nne, tukazisaga upya. Injinia alitupanga tena wawili kwa sababu hakuwa na wengine wanaojua. Kwa wiki tatu tulishika ncha mbili za kitambaa kimoja, mikono juu, nyuso zimetengana mita tano, na hakunitolea neno. Nilijifunza kumfuata kwa kuangalia mabega yake. Bimu moja, mbili, tatu. Bimu ya mwisho tulifika katikati, nikamuona anageuza kichwa kutafuta kwa jicho lake moja ukingo wa kitambaa upande wa kushoto, asiuone. Kilikuwa kimeanza kujikunja. Nilitaka kusema, sikuthubutu. Alisimama. Akavuta pumzi.

"Dada," alisema, "mimi upande huu sioni. Niambie wewe."

Nikamwambia.